Nilipokuwa Nikiendesha Baiskeli Ufaransa

Mama alikuja kwetu Januari, katikati ya miaka ya tisini, kumlea mtoto wetu wa kwanza. Januari ni mwezi ambao mtu mwenye akili zake hamleti mzazi wake Minnesota, lakini mtoto huja anapotaka. Alitoka uwanja wa ndege akiwa na sweta mbili na koti langu juu yake, akaitazama theluji kupitia kioo cha gari njia nzima, na tulipofika nyumbani ndipo akasema, "Kumbe hapa ndipo mnapoishi. Poleni."

Kwetu jambo hili halihitaji maelezo. Ukizaa ughaibuni, bibi hupanda ndege. Humwosha mtoto, humpikia uji aliyejifungua, na wazazi wakirudi kazini yeye ndiye anayebaki nyumbani na mtoto. Tulikubaliana akae hadi mwanzo wa Juni. Alikuwa na sababu ya kutaka kurudi. Dada yake mkubwa, yule aliyemlea baada ya mama yao kufa, alikuwa mgonjwa. Mimi nilimwita mama mkubwa. Miguu yake ilikuwa imevimba, pumzi zimekuwa fupi, na kila walipozungumza kwenye simu alikuwa na swali moja tu: "Unakuja lini?" Mama alikuwa akimjibu, "Mwezi wa sita," na mimi niliyekuwa sebuleni nilisikia.

Tuliishi Burnsville, ghorofa ya pili, kwenye majengo yanayofanana hadi milango, mahali ambapo hata kununua chumvi kunahitaji gari. Mke wangu alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku. Mimi nilikuwa maabara, katika hospitali moja huko Coon Rapids, ng'ambo kabisa ya ile miji mikubwa miwili pacha, kwa hiyo nilikuwa barabarani kabla jua halijachomoza. Mke wangu akirudi analala. Katikati yetu alikuwepo mama, ambaye hakuwa na gari wala Kiingereza wala jirani wa kumwazima kiberiti.

Sikuwa mtu mzuri nyumbani miezi ile. Nilikuwa na hasira za uchovu, zile ambazo humwangukia yeyote aliyekaa karibu. Mama alikuwa akinisubiri na habari za siku nzima: kindi aliyekuja barazani akala mkate, mwanamke wa chini aliyemvalisha mbwa koti. Zilikuwa habari nzuri, na alizipanga vizuri. Mimi nilijibu "Eeh," nikala nimesimama kando ya jiko, kisha nikateremsha baiskeli ngazini nikatoka. Kuanzia Aprili, theluji ilipoyeyuka, nilifanya hivyo karibu kila jioni.

Baiskeli niliambukizwa na mzee mmoja Mmarekani, mwalimu mstaafu wa Kifaransa, aliyejitolea kusukuma viti vya wagonjwa pale hospitalini. Kwa miaka mingi kila kiangazi alikuwa akienda kuzunguka vijijini Ufaransa kwa baiskeli, nguo zake zote zikiwa kwenye mikoba miwili ubavuni mwa gurudumu. Mkewe, aliyekuwa akienda naye, sasa magoti yalikuwa yamemkatalia. Wakati wa chakula alikuwa akitandaza ramani mezani, anazisoma kama mtu anayesoma barua kutoka kwao. Hakuonyesha miji. Alionyesha vijia vyembamba vyeupe, akisema, hapa kuna mteremko mzuri, hapa kuna mwanamke anayepangisha vyumba na anapika sungura. Siku moja akaniambia, "Njoo nami Juni." Nilikubali kabla hajamaliza kuikunja ramani.

Mama alinisikiliza nikimweleza. Marehemu baba alikuwa na baiskeli, nyeusi, nzito, ya kupeleka maziwa kwenye kituo cha ushirika asubuhi na kurudi na unga au mafuta ya taa. Kwa mama, baiskeli ni punda mwenye magurudumu.

"Huko unakwenda kumwona nani?" akauliza.

"Simwoni mtu, mama. Naendesha tu. Tunaanza mahali, tunapita vijijini, tunamalizia mahali."

"Unabeba nini?"

"Nguo zangu."

"Zinakwenda kwa nani?"

Mke wangu akaondoka kwenda chumbani ili asicheke mbele ya mkwe wake. Mimi nilikasirika, kwa sababu swali lilikuwa la haki. Nikasema watu huku hufanya hivyo kupumzika. Mama akatikisa kichwa polepole, kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa kuhusu ugonjwa asioujua.

Tatizo lilikuwa Juni yenyewe. Bila mama hatukuwa na mtu wa kubaki na mtoto usiku, mke wangu akiwa kazini na mimi Ufaransa. Nikamwomba asogeze tarehe yake ya kurudi hadi Julai. Niliomba nikiwa nimesimama mlangoni, kofia ya baiskeli mkononi, na hata sasa nikikumbuka ile kofia naona aibu. Mama alikuwa akimfunga mtoto mgongoni. Alikaza kanga, akafunga fundo, akalijaribu kama limeshika.

"Utarudi salama?"

"Nitarudi."

"Basi nitakaa."

Jumapili ile alimpigia dada yake. Nilimsikia akisema, "Mwanangu ana safari. Nivumilie kidogo." Kisha akasikiliza muda mrefu. Nilijua ninachofanya. Nilijisikia vibaya, nikajisikia vibaya kwa muda wa kutosha mtu mwenye adabu kujisikia vibaya, halafu nikaenda kujaza upepo magurudumu.

Asubuhi ya kuondoka mama alinipa pakiti za majani ya chai aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Mtu halali kwenye nyumba ya watu mikono mitupu, alisema, hata kama ni Wazungu. Nilinung'unika. Mwalimu alikuwa amekata hadi mpini wa mswaki wake kupunguza uzito, na mimi ninapakia chai. Lakini nilipakia.

Tulianzia Auxerre, tukafuata mfereji wa Nivernais kwenda kusini. Mfereji huo ulichimbwa zamani ili mashua zipitishe kuni hadi mjini, na kando yake kuna njia ambayo farasi walikuwa wakipita wakizivuta. Sasa ni njia ya baiskeli, imenyooka, ina kivuli, upande mmoja maji na upande mwingine ng'ombe weupe, weupe kweli, waliolala kwenye majani marefu kama nguo zilizoanikwa. Kila baada ya mwendo mfupi kuna mlango wa maji wa kupandisha na kuteremsha mashua, na pembeni nyumba ndogo ya mlinzi wake, yenye maharage na waridi. Mlinzi anainua mkono. Unainua mkono. Basi, hayo ndiyo mazungumzo, na yalinitosha kabisa.

Nilijifunza vijiji vyao haraka. Mchana hufungwa vyote, madirisha ya mbao yanabanwa, na hata mbwa hafungui jicho. Ukichelewa kununua mkate asubuhi umekwisha. Jumatatu duka la mkate halifunguliwi kabisa, na tulikula biskuti chini ya ukuta wa kanisa huku mwalimu akijilaumu kwa kusahau siku. Tulipoacha mfereji tukaingia vilima vya Morvan, misitu yenye giza na barabara zinazopinda, na nikatambua kwamba kuendesha kando ya mto Mississippi hakujaniandaa kwa lolote. Nilipanda nikitukana kwa Kiswahili. Kisha kileleni unaachia breki, upepo unajaa shati, na kwa dakika kadhaa hakuna mtu duniani anayekuhitaji. Ndicho nilichokuwa nimekwenda kutafuta. Ninaandika hivi ili isije ikaonekana sikufurahi. Nilifurahi kupita kiasi.

Wiki ya pili tulilala kwa mwanamke mmoja mwenye umri kama wa mama, kwenye shamba nje ya kijiji kidogo. Alikuwa na bata bukini. Nilipokuwa nasukuma baiskeli kupita uani, dume lao likanishukia shingo chini, mabawa wazi, likininyaka suruali kwa nyuma, nami nikaiangusha baiskeli nikapanda juu ya toroli la samadi. Nilibaki juu ya toroli mpaka mwenye nyumba alipotoka na ufagio. Mwalimu alicheka hadi akakaa chini.

Jioni nilimpa yule mwenye nyumba pakiti ya chai. Aliinusa, akaipika vibaya, bila maziwa, akainywa yote, kisha kupitia kwa mwalimu akaniuliza imetoka wapi. Nikamwambia. Akaniuliza kama nimemshukuru mama yangu. Nikasema nitamshukuru nikirudi. Akaniangalia kwa jicho ambalo halihitaji mkalimani, akanielekeza kibanda cha simu kilichokuwa kando ya ofisi ya kijiji.

Huko kwetu Burnsville ilikuwa mchana. Mama aliipokea simu mara ya kwanza tu ilipolia, jambo lililonishangaza, maana kwa kawaida aliogopa kuipokea ile simu, asije akasemeshwa Kiingereza.

"Uko salama?" akauliza, hata kabla ya salamu.

"Niko salama, mama. Shikamoo. Mama, leo nimefukuzwa na bata."

Nikamsimulia. Nilimwambia habari ya suruali na toroli na ufagio, na nilipofika penye samadi nikashikwa na kicheko hadi nikaegemea kioo cha kibanda. Kisha mama akasema, "Hebu anza tena. Hapo mwanzo sikusikia vizuri." Nikaanza tena, nikaongeza chumvi, nikacheka zaidi ya mara ya kwanza. Akauliza bado siku ngapi. Nikamwambia. Akasema, "Haya. Endesha polepole, hasa kwenye miteremko." Nikamuuliza hali ya nyumbani, akasema mtoto ameota jino.

Nilirudi shambani nikipiga mluzi.

Nilifika Burnsville Ijumaa alasiri. Nilijua kuna jambo kwa sababu mama hakuniruhusu kufungua mizigo. Oga kwanza. Nikaoga. Kula kwanza. Alikuwa amepika kuku na ugali, akanikalisha mezani, yeye akakaa mbele yangu na mtoto mapajani, akinitazama kila tonge. Mke wangu alikuwa amesimama karibu na friji, ambako nilikuwa nimebandika namba za nyumba zote nilizolala, na hakuniangalia hata mara moja. Nilipomaliza, mama akaleta maji ya kunawa, akanimiminia mwenyewe. Ndipo akasema, "Sasa uko nyumbani. Mama yako mkubwa ametuacha."

Niliuliza lini. Alipotaja siku, sikuhitaji kalenda: ilikuwa siku ile ya bata. Simu kutoka nyumbani ilikuwa imeingia asubuhi ile, na ya kwangu mchana. Walizika Jumamosi iliyofuata.

Yeyote aliyelelewa na watu wetu anajua kwamba mtu aliye safarini haambiwi habari za msiba. Anaachwa afike, aoge, ale, akae. Tunaogopa kwamba mwenye huzuni njiani hataona gari linalokuja. Nimewahi kufichwa misiba nikiwa shule ya bweni, na mimi mwenyewe nimewahi kumficha rafiki hadi mtihani wake ulipokwisha. Sikuwahi kuona ubaya wake. Lakini siku hiyo nilimgeukia mke wangu kwa ukali, nikamuuliza kwa nini hakunipigia, namba si zilikuwa hapo usoni pake?

"Nili-dial mara mbili baada ya wewe kupiga," akasema. Alikuwa analia. "Mama akakata kwa mkono wake. Akaniapisha. Na usiniongeleshe hivyo, mimi nimekaa na watu wa matanga kwa hii nyumba usiku nikienda job, asubuhi nikirudi nawapata wengine. Wewe ulikuwa wapi?"

Watu wa ushirika wetu wa kanisa walikuwa wamejaa sebule yangu karibu wiki nzima, wakiimba, wakileta chapati na sufuria za chai, wakimfariji mama. Na mwanawe, mwenye nyumba, hakuonekana.

Jumapili tulikwenda kwenye ibada. Wakenya wa upande wetu tulikutana mchana katika ukumbi wa chini wa kanisa tuliloazimwa huko Maplewood, na desturi ni kwamba waliofiwa husimama kuwashukuru waliowafariji. Niliingia nikijua nitasimama. Niliyopanga kusema nilikuwa nayo. Mlangoni mtu wa kwanza akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana kwa msiba, ndugu yangu. Na pole na kazi huko Ufaransa."

Nikafungua mdomo. Mke wangu, nyuma yangu, akanong'ona, "Mama ndiye aliwaambia. Nyamaza."

Wa pili akanipa pole na kazi. Wa tatu pia. Wa nne, kijana mmoja mcheshi wa Burnsville, akanitazama usoni nilivyoungua, akasema, "Lakini bro, hiyo lab ya Ufaransa iko nje kwa jua ama?" Watu wakacheka kwa upole. Nikatazama mikono yangu. Glavu za baiskeli, zile zisizo na vidole, zilikuwa zimeacha vidole vyeusi ti na migongo ya viganja imebaki na rangi yake, kama mtu aliyevaa mikono ya watu wawili. Nikaiweka kwapani na haikutoka huko tena mpaka ibada ilipokwisha.

Mama alikuwa safu ya mbele, kitambaa kichwani, mtoto amelala begani. Mama yangu hakuwa mtu wa uongo. Alikuwa mwanamke wa kurudi dukani kurudisha chenji iliyozidi. Mzee wa kanisa akatuita mbele, mimi na yeye, akatuwekea mikono mabegani, akaomba kwa sauti kubwa. Alimshukuru Mungu kwa kumpeleka mtumishi wake nchi ya mbali kuitafutia familia riziki, na kumrudisha salama, hata mauti yalipobisha nyumbani kwake akiwa kazini. Nilifumbua jicho. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, midomo imebana. Kama ningesema ukweli pale, wa kwanza kuumbuka angekuwa yeye. Watu wote wakasema Amina. Nikasema Amina.

Mke wangu alikwenda zamuni na gari lake. Mimi nikamrudisha mama na mtoto. Tulipita mjini, tukaingia barabara kuu ya kusini, na mto ulipokuwa nyuma yetu nikauliza:

"Mama, kwa nini uliwaambia nilikuwa kazini?"

"Ulitaka niseme nini? Kwamba amekwenda kucheza?" Hakulisema kwa ukali. Alikuwa anauliza kweli. "Wangenipa pole ya pili, juu ya ile ya kwanza."

"Ungeniambia siku ile, ningerudi."

"Najua."

"Ningefika kesho yake. Wewe ungepanda ndege. Ungewahi kumzika dada yako."

"Najua hayo yote. Unafikiri sikuyapiga hesabu? Nilikuwa nimekaa kando ya simu, naomba Mungu upige nikwambie. Nilikuwa nimeshasema moyoni, leo nitavunja desturi, nitamwambia njiani hivyo hivyo, kwa sababu yule ni dada yangu."

Sikuthubutu kumtazama. Nilitazama taa za gari lililokuwa mbele.

"Sasa mbona hukuniambia?"

Alirekebisha shuka la mtoto.

"Ulikuja ukicheka," akasema. "Tangu nishuke kwenye ndege, mwanangu, sijakusikia ukicheka. Nilifikiri nchi hii imekunyang'anya kicheko. Nikakwambia urudie nisikie kama ni wewe kweli. Ni wewe. Basi nikasema, wacha acheke, marehemu hana haraka."

Mtoto aliamka, akalia kidogo, mama akambembeleza hadi akanyamaza. Mimi niliendesha. Nilianza kutafuta kichwani siku moja tu, kuanzia Januari ile, jikoni, sebuleni, ngazini, popote, ambapo nilicheka na mama yangu yupo. Nilitafuta hadi tukaegesha gari mbele ya jengo letu. Mama akafungua mlango mwenyewe, akatoka na mtoto, akaniambia nisisahau kufunga vioo. Nilibaki ndani ya gari bado natafuta, na sikuipata.